Sifuri ya mbele: jinsi lugha ya C inavyosoma anwani za mtandao

Katika kitivo chetu tumezoea kuchanganua sentensi za watu. Makala haya yanachanganua sentensi fupi ambayo msomaji wake ni mashine: anwani ya mtandao kama 192.0.2.25. Imeandikwa kwa herufi, na programu ya C inapaswa kuigeuza iwe biti 32 kabla ya kutuma chochote popote. Wenzetu wa informatiki watasema hilo ni jambo la mstari mmoja. Ni kweli, ni mstari mmoja. Ila maktaba ya C inatoa vitendakazi vitatu vya kuandika mstari huo, na vitatu hivyo havikubaliani juu ya sarufi. Palipo na wasomaji watatu wasiokubaliana juu ya maandishi yaleyale, mwanaisimu ana kazi ya kufanya.

Tuanze na yanayojulikana. Anwani ya toleo la nne la itifaki ya intaneti, lililowekwa katika waraka RFC 791 wa Septemba 1981, ni namba moja tu yenye biti 32. Zinaweza kupatikana namba 4,294,967,296 za namna hiyo. Mwanadamu hawezi kukariri mfuatano wa sifuri na moja thelathini na mbili, kwa hiyo tunaukata katika mafungu manne ya biti nane, kila fungu tunaliandika kwa tarakimu za kawaida, kutoka 0 hadi 255, na kati ya mafungu tunaweka nukta. 192.0.2.25 ni sura ya kuonyeshwa watu. Sura ambayo mashine inaitumia ni hii:

11000000 00000000 00000010 00011001

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kudhani kwamba 192.0.2.25, kwa kuwa imeandikwa kwa tarakimu, tayari ni namba. Hapana. Ndani ya kompyuta ni herufi kumi: tarakimu saba na nukta tatu. Tarakimu “2” iliyoandikwa si mbili. Ni alama yenye msimbo 50 katika jedwali la ASCII, kama vile “0” ni 48 na nukta ni 46. Tofauti hii tunaijua vizuri sisi: ni ile kati ya kiashiria na kiashiriwa. Neno “mbili” halina uwili wowote ndani yake, na herufi “2” pia haina.

Namna ya kutoka kwenye herufi hadi kwenye thamani ni ya zamani na ni rahisi. Programu inasoma kutoka kushoto, na kila ikikutana na tarakimu inazidisha ilichonacho kwa kumi, kisha inajumlisha thamani ya tarakimu hiyo:

thamani = thamani * 10 + (herufi - '0');

Kwa 192 inaanza na 1, inapata 19, inafika 192. Ikikutana na nukta inafunga fungu na kuanza jingine. Mafungu yakiwa manne, na hakuna lililopita 255, kazi imekwisha. Ndani ya baiti nne, mahali pa herufi kumi, anwani imekaa.

Nukta hizo zisidharauliwe. Kiswahili hakina nukta katika namba zake, na tunalipia. Mtu akikwambia sokoni Sange kwamba kitu ni “elfu kumi na tano”, amesema mambo mawili kwa wakati mmoja: [elfu [kumi na tano]], yaani 15,000, au [[elfu kumi] na tano], yaani 10,005. Sokoni hakuna anayegombana, kwa sababu hakuna bei ya 10,005 na pia muuzaji yupo mbele yako. Anayetaka kuondoa utata kabisa atasema “kumi na tano elfu”. Kwetu kwenye tambarare la Ruzizi wengi hukimbilia Kifaransa, na hapo tuna bahati ambayo Wafaransa wenyewe hawana: tunasema septante na nonante. Anayekutajia namba ya simu kwa mtindo wa Paris akasema quatre-vingt-dix-sept, wewe unayeandika unaweza kuandika 97 au 80 17, na zote mbili ni uchanganuzi halali wa ulichosikia. Nonante-sept ina uchanganuzi mmoja. Anwani yenye nukta iko upande wa nonante-sept. Au ndivyo inavyoonekana.

Sasa wale wasomaji watatu. Wa kwanza na mkongwe ni inet_addr, aliyekuja na Unix ya Berkeley, toleo la 4.2, mwaka 1983. Unampa mfuatano wa herufi, anakurudishia namba ya biti 32. Akishindwa kuusoma anarudisha -1. Tatizo lake linafurahisha mwanasemantiki: -1 katika biti 32 ni moja thelathini na mbili mfululizo, na hiyo ndiyo thamani ya 255.255.255.255, anwani halali ya kutangazia mtandao mzima. Kwa maneno mengine, “sikuelewa” na “waambie wote” ni neno moja katika lugha yake. Msikilizaji hana njia ya kutofautisha.

Wa pili, inet_aton, alitengenezwa kuondoa kasoro hiyo. Jibu lake limegawanywa mara mbili: anwani inawekwa mahali ulipoonyesha kwa kielekezi, na kitendakazi chenyewe kinarudisha sifuri ikiwa maandishi hayafai, au namba isiyo sifuri ikiwa yanafaa. Ila sarufi yake ni ileile ya mkubwa wake, na ni sarufi pana kuliko wengi wanavyodhani. Inakubali mafungu manne, lakini pia matatu, mawili au hata moja. Fungu la mwisho linachukua biti zote zilizobaki. Kwa hiyo 127.1 ni 127.0.0.1, na 10.1.256 ni 10.1.1.0. Namba 2130706433, bila nukta hata moja, ni 127.0.0.1 pia. Huo ni udondoshaji ambao msomaji anaujaza kwa kanuni. Zaidi ya hapo, kila fungu linaweza kuandikwa katika misingi mitatu: likianza na 0x linasomwa kwa msingi wa kumi na sita, likianza na 0 linasomwa kwa msingi wa nane, vinginevyo kwa msingi wa kumi. Kanuni hiyo inatoka katika lugha ya C yenyewe, ambayo sehemu yake ya sifuri na msingi wa nane iliirithi kutoka lugha ya B.

Wa tatu ni inet_pton, aliyeingia katika kiwango cha POSIX cha 2001. Herufi p ni ya sura ya kuonyeshwa, n ni ya sura ya mtandao. Sarufi yake ni nyembamba: mafungu manne, msingi wa kumi, tarakimu moja hadi tatu, basi. Anarudisha 1 kama amesoma, 0 kama maandishi si anwani, na -1 kama umemtajia aina ya anwani asiyoijua. Majibu matatu kwa hali tatu. Katika Linux tunayotumia hapa, fungu lenye tarakimu mbili au zaidi linaloanza na sifuri analikataa.

Hapo kwenye sifuri ndipo ninapotaka kukaa.

Nimezaliwa Mutarule, karibu na Luberizi, katika teritwari ya Uvira. Pale nchi tatu hazikai mbali, na mtoto anajifunza mapema kwamba sifuri ya mbele ya namba ya simu si hesabu. Namba ya Kongo inaanza na sifuri ukipiga ndani ya nchi, lakini ukitanguliza +243 sifuri inaanguka. Ya Rwanda inafanya vilevile baada ya +250. Ya Burundi, upande wa pili wa Ruzizi, haina sifuri kabisa: tarakimu nane, na +257 inawekwa juu yake bila kuondoa kitu. Sifuri hiyo ni kiambishi awali. Inabeba maana ya kisarufi, “simu hii inabaki nchini”, na inadondoka kiambishi kingine kinapochukua nafasi yake. Aliyesoma mofolojia ya Kibantu haoni ajabu.

Sifuri ya mbele katika C ni kiambishi kingine, homonimu ya kile cha kwanza. Maana yake ni “soma kinachofuata kwa msingi wa nane”. Katika msingi huo tarakimu ni 0 hadi 7 tu, na 8 na 9 hazipo, kama vile sauti fulani zisivyokuwepo katika lugha fulani. Kuna mzaha mdogo hapa kwa Wakongomani: namba zetu za simu za mkononi huanza na 08 au 09. Ukimpa strtol, kitendakazi cha C kinachosoma namba, mojawapo ya hizo na kumwachia achague msingi mwenyewe, ataona sifuri, atajiandaa kwa msingi wa nane, atakutana na 8 au 9, atasimama. Jibu: sifuri. Namba ya simu ya mkononi ya Kongo, kwa masikio ya C, ni kimya.

Na ipo sifuri ya tatu, ile ya makarani. Anayeandika orodha na kutaka safu zinyooke huandika 001, 002, 003. Sifuri hizi hazina maana yoyote, zinajaza nafasi. Tunafundishwa juu ya mofimu kapa, ambayo haionekani lakini ina maana. Sifuri ya karani ni kinyume chake kamili: inaonekana, na haina maana. Haina maana kwa aliyeiandika, lazima niongeze. Msomaji hajaambiwa hivyo.

Maabara fulani ya lugha ninayoifahamu ina kompyuta kumi na mbili. Aliyezifunga aliacha orodha nzuri, iliyopigwa chapa, kutoka 192.168.1.001 hadi 192.168.1.012, safu zote zimenyooka. Kompyuta ya 10 ilikuwa ya kufungwa: humo zilipaswa kuwekwa rekodi za utafiti wa masimulizi, zilizochukuliwa katika vijiji vya tambarare kwa Kiswahili, Kifuliru na Kirundi. Nilishiriki kukusanya sehemu ya Mutarule. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya thelathini waliuawa kwetu, na ukimwomba mtu wa Mutarule akusimulie jambo lolote kwa urefu, mara nyingi atafika kwenye usiku huo hata kama ulimwuliza habari za kilimo cha mpunga. Waliokubali kurekodiwa walikubali kwa sharti moja: sauti zao zisikilizwe na watafiti tu.

Programu ya kunakili rekodi ilikuwa imeandikwa zamani, na ilitumia inet_addr. Waliokuwa na zamu waliipa anwani kama zilivyo kwenye orodha. Tazama kilichotokea, kwa sababu ni sarufi tupu. Kutoka 001 hadi 007 kila kitu kilikwenda sawa: saba katika msingi wa nane ni saba katika msingi wa kumi. 008 na 009 zilikataliwa, kwa kuwa tarakimu hizo hazimo katika msingi wa nane. Waliona kosa, wakaandika 8 na 9 bila sifuri, ikafanya kazi, wakaendelea. Ilipofika 010 programu haikulalamika. Katika msingi wa nane 10 ni nane. Rekodi zote za kompyuta ya kumi zilikwenda kwenye kompyuta ya nane, na kwa kuwa mashine zote zilikuwa zimefungwa kwa jina la mtumiaji lilelile na neno la siri lilelile, kompyuta ya nane ilizipokea kwa moyo mkunjufu. Hiyo ndiyo iliyowekwa karibu na dirisha, ya wanafunzi wote.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye aliyegundua. Alinifuata kwenye baraza na kifaa cha masikio bado shingoni. “Yaya, huyu mama anayelia ni nani?”

Sitaeleza ni nani. Rekodi zilikaa wazi wiki saba. Tulipozifuta kwenye kompyuta ya nane tulilazimika kurudi kwa kila aliyerekodiwa na kumwambia, maana kibali kilitolewa kwa sharti na sharti lilivunjwa. Wawili waliomba sauti zao zifutwe kabisa, tukafuta. Moja ya hizo ilikuwa na mifano mizuri kuliko yote niliyowahi kusikia ya mchanganyiko wa Kifuliru na Kiswahili ndani ya kitenzi kimoja. Haipo tena, na ni haki yake isiwepo.

Utata huu haukuanza kwenye maabara yetu wala haukuishia hapo. Machi 2021 ilitangazwa kasoro ya netmask, maktaba ya JavaScript inayotumiwa na programu nyingi sana kupima kama anwani iko ndani au nje ya mtandao fulani. Ilipewa namba CVE-2021-28918. Muda si mrefu ikaonekana kwamba moduli ya ipaddress ya lugha ya Python ina tabia kama hiyo, CVE-2021-29921. Zote mbili zilizisoma sifuri za mbele kama sifuri za karani: wakazitupa. Mfumo ulio chini yao, ulioandikwa kwa C, ukazisoma kama kiambishi. Weka 012.0.0.1 mbele yao. Mlinzi wa mlangoni anasoma 12.0.0.1, anwani ya nje ya kawaida, anaruhusu. Karani wa ndani anasoma 10.0.0.1, mashine ya faragha ndani ya jengo, anafungua. Kila mmoja amesoma kwa usahihi kulingana na sarufi yake, na mwizi amepita katikati ya sarufi mbili. Python, kuanzia toleo 3.9.5, inakataa sifuri hizo kabisa.

Kuna falsafa nyuma ya ulegevu huu. Jon Postel, mmoja wa wazee wa intaneti, aliandika katika nyaraka za itifaki za miaka ya 1980 kanuni ambayo kwa ufupi inashauri uwe mwangalifu katika unachotuma na mkarimu katika unachopokea. Ni adabu nzuri ya mazungumzo, na wanapragmatiki wangeitambua mara moja. Mgeni akija Uvira na Kiswahili cha Unguja akasema “ishirini na tano”, na mwenyeji aliyezoea “makumi mbili na tano” akamwelewa, huo ni ukarimu wa msikilizaji, na bila huo Kiswahili kisingefika hapa kutoka pwani. Hata hivyo ninaona kanuni hii haihamishiki yote kwa mashine. Ukarimu wa msikilizaji unaishi juu ya uwezo wake wa kuuliza: “Umesema nini?” Muuzaji wa Sange atakuuliza kama ni kumi na tano elfu. Kitendakazi cha C hakina swali. Kina jibu tu. Msomaji asiyeweza kuuliza anapaswa kuwa mkali, na ndiyo maana kati ya wale watatu ninamchagua inet_pton bila kusita. Wako wanaolalamika kwamba anakataa 127.1 ambayo ni fupi na inapendeza. Acha akatae.

Hii hapa programu fupi ya kujaribia, kwa yeyote mwenye kompyuta ya Linux na kompaila:

#include <stdio.h>
#include <arpa/inet.h>

int main(int argc, char *argv[])
{
    struct in_addr a, b;
    unsigned char *m = (unsigned char *)&a;
    if (argc != 2) return 2;
    if (inet_aton(argv[1], &a))
        printf("aton: %d %d %d %d\n", m[0], m[1], m[2], m[3]);
    else
        printf("aton: si anwani\n");
    if (inet_pton(AF_INET, argv[1], &b) == 1)
        printf("pton: anwani\n");
    else
        printf("pton: si anwani\n");
    return 0;
}

Ipe 192.0.2.25, kisha 192.0.2.025, kisha 192.0.2.08, kisha 127.1. Ya pili ndiyo yenye funzo: aton atakupa 192 0 2 21, kwa sababu mbili mara nane ni kumi na sita, jumlisha tano. Ishirini na tano imekuwa ishirini na moja bila mtu kupiga kelele.

Neno juu ya mpangilio, maana wahadhiri wawili waliosoma rasimu hii waliuliza. Baiti nne zikishapatikana, ipi inatangulia? Mtandao unaweka kubwa mbele: 192 kwanza, 25 mwisho. Kompyuta zetu nyingi, ndani ya kumbukumbu yake, zinahesabu namba kwa kuweka ndogo mbele. Vitendakazi vyote vitatu vinarudisha mpangilio wa mtandao, kwa hiyo ukichukua matokeo ya 192.0.2.25 na kuyachapisha kama namba moja kwenye mashine ya kawaida utaona 419561664, na si 3221226009 uliyotegemea. Biti ni zilezile. Umesoma kutoka upande mwingine. Tuna hali hii katika lugha. Mwarabu husema “tano na ishirini”, Mjerumani naye husema fünfundzwanzig, ndogo mbele. Kirundi kinasema mirongo ibiri na gatanu, kubwa mbele. Kiswahili kiliazima ishirini, thelathini na arobaini kutoka Kiarabu, lakini hakikuazima mpangilio: tunasema ishirini na tano kama Mbantu yeyote. Tulichukua maneno tukaacha sintaksia. Danny Cohen, aliyeandika tarehe 1 Aprili 1980 juu ya ugomvi huu wa wanakompyuta, aliazima majina ya pande mbili kutoka kwa Jonathan Swift, ambaye katika kitabu chake cha 1726 alisimulia watu waliopigana vita juu ya upande wa kuvunjia yai.

Anwani za toleo la sita, zenye biti 128, zinasomwa na inet_pton huyohuyo ukimwambia AF_INET6, na sarufi yake inaonyesha kwamba waliokuja baadaye walijifunza. Mafungu ni manane, yametenganishwa kwa nukta mbili, na yanaandikwa kwa msingi wa kumi na sita siku zote, kwa hiyo sifuri ya mbele haina cha kubadilisha. Mfuatano wa mafungu ya sifuri unaweza kudondoshwa na kuachwa alama “::”, kama 2001:db8::1. Alama hiyo inaruhusiwa mara moja tu katika anwani. Sababu yake ni ya darasa letu kabisa: udondoshaji mmoja unarejesheka, kwa kuwa unajua jumla ni nane, udondoshaji mara mbili haurejesheki, maana hujui ni mafungu mangapi yaliangukia kila upande. Bado anwani moja ilikuwa na tahajia nyingi sahihi, hadi Agosti 2010 waraka RFC 5952 ulipopendekeza moja: herufi ndogo, bila sifuri za mbele, “::” mahali pa mfuatano mrefu kuliko yote. Ni kazi ya usanifishaji, kama ile iliyofanywa na kamati ya Kiswahili iliyoanzishwa 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ila hii haikuiacha Kongo nje.

Jambo moja limebaki, na nisingependa msomaji aliruke. Jibu 1 la inet_pton lina maana kwamba maandishi yamejengwa vizuri, hakuna zaidi. Halisemi kwamba kwenye anwani hiyo kuna mashine, wala kwamba mashine iko macho, wala kwamba itajibu. Usiku ule wa Juni simu zilipigwa kutoka Mutarule. Namba zilikuwa sahihi, zilisomwa, ziliita. Msaada ulikuja watu wakishakufa. Sarufi inasimamia umbo la ujumbe. Kinachofanywa nao na anayeupokea ni somo jingine, na katika lugha ya C kina vitendakazi vyake, ambavyo navyo hurudisha jibu na wengi hawalisomi.

Programu ya maabara tumeiandika upya kwa inet_pton. Ikipewa 010 inasimama na kusema kwa Kiswahili kwamba hiyo si anwani. Tumefuta na jina la mtumiaji la pamoja. Kompyuta ya kumi sasa ina neno lake la siri, linalojulikana na watu watatu. Orodha mpya ina mistari kumi na miwili, safu zake hazikunyooka, na imebandikwa upande wa ndani wa mlango.